Siku Baba Aliponyolewa

Nilipokuwa bado nang'oka meno ya utoto, watu wa kijiji chetu waliamini kwamba mtoni kuna mamba wa aina mbili. Kuna mamba wa Mungu, anayekula samaki na mbwa wasio na bahati, na kuna mamba wa mtu, anayefugwa kwa dawa na kutumwa kama unavyomtuma mtoto dukani. Mamba wa Mungu akimkamata mtu, hiyo ni ajali, watu wanalia na kunyamaza. Lakini sikumbuki hata mara moja kusikia wakubwa wakikubaliana kwamba mamba fulani alikuwa wa Mungu. Kila msiba ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitafutwa mpaka akapatikana.

Kijiji hicho kiko upande wetu wa Ruvuma, karibu na pale mto unapoingia baharini. Mama alizaliwa hapo. Baba, jina lake Issa, alitoka ng'ambo, Msumbiji. Alivuka akiwa kijana, yeye na mama yake, wakikimbia vita. Wakapewa kipande cha bonde wakalima mpunga. Zaidi ya kulima, baba alichonga vinu, na karibu kila nyumba pale kijijini ilitwanga kwa kinu alichokichonga yeye. Hilo halikumfanya kuwa mwenyeji. Hata wale waliokula naye sinia moja walimwita "Mmawia", neno ambalo kwetu humkumbusha mtu kwamba alikuja tu. Baba alikuwa akicheka. Kwa utoto wangu nilidhani ni jina la utani analolipenda.

Mama yake, bibi yangu, hakuwa na jina jingine midomoni mwa watu zaidi ya "yule kikongwe wa ng'ambo". Usoni alikuwa na nembo alizochanjwa usichanani, na kwenye mdomo wa juu tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, aliyokwisha kuivua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya jikoni. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na kigumu. Akitaka kusema jambo refu alilikata vipande, akakupa vipande viwili vitatu, vingine ukajaze mwenyewe. Watoto wenzangu walimkimbia. Mimi nililala naye kitanda kimoja, na mpaka leo harufu ya tumbaku ya kunusa hunipa usingizi.

Kiangazi cha mwaka ule visima viliingia chumvi. Wanawake wakawa wanakwenda mtoni, juu kidogo, maji ya bahari yakishakupwa, kuchota maji matamu. Siku moja bibi alifuatana nao, nami nikiwa nyuma yake. Tulipofika pale pa kuchotea alisimama, akainama, akatazama tope kwa muda mrefu. Mimi niliona tu tope lililolainika, kama mtu amelikokotea gunia. Bibi alinyoosha mkono akawazuia wenzake.

"Hapa msichote," alisema. "Mto huu unataka mtu."

Leo nikiwa mtu mzima najua alichotaka kusema. Aliona mahali mamba alipoteleza kwa tumbo lake, na huko kwao alikokulia, hatari ya mto ilisemwa hivyo. Lakini maneno aliyokuwa nayo ya Kiswahili ndiyo hayo, na hayo ndiyo waliyoyasikia. Wanawake wengine walisonya. Zuhura, binti wa mjomba wangu Hassani, kaka yake mama, alicheka kwa heshima tu, maana alikuwa msichana mpole. Yeye ndiye aliyenisuka nywele kila Ijumaa.

"Bibi, mto hauna mdomo," alisema, akazamisha ndoo yake.

Siku ile halikutokea jambo. Bibi alirudi nyumbani amenuna, na kesho yake hakwenda tena mtoni wala hakuniruhusu mimi niende.

Wiki haikwisha, mamba akamchukua Zuhura palepale. Sikuwapo. Ninachokumbuka ni wanawake wakirudi mbio bila ndoo, na sauti ya mke wa mjomba ambayo nilidhani ni ya mnyama. Wanaume walikwenda na mapanga na mikuki, wakapiga maji mpaka jua likatua. Walirudi na kanga yake, na kanga hiyo ndiyo waliyoizika.

Msibani, kabla ubwabwa haujaiva, swali lilikuwa limeshaanza kutembea kutoka mkeka hadi mkeka. Alijuaje? Yule kikongwe alijuaje kwamba mto unataka mtu? Mama alikuwa jikoni na wenzake akipepeta mchele. Nilimwona akisikia, nikaona ungo ukisimama mikononi mwake. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Walisogeza tu mikeka yao, akabaki peke yake upande wa moshi.

Tanga lilipoanuliwa, mjomba Hassani alikwenda kumleta fundi. Kwetu mganga wa kutafuta wachawi huitwa fundi. Huyu alitoka mbali, hakuna aliyemjua vizuri. Alikuwa kijana bado, amevaa raba na suruali ya michezo, na mkononi alishika kioo cha pikipiki kilichofungwa kitambaa chekundu. Kama ningemkuta njiani siku nyingine ningedhani ni mchezaji mpira. Alizunguka kijiji asubuhi kweupe, umati ukimfuata, akielekeza kioo kile huku na huku. Alipita nyumba nyingi bila kusimama. Nadhani aliyemleta alikuwa ameshamwambia pa kusimama.

Alisimama kwetu.

Baba alikuwa uani anachonga, miguu imejaa vumbi la mti. Alisimama akajipangusa, akaja mbele. Bibi naye alitoka, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo. Mimi nilikuwa nyuma ya gauni lake.

"Mwenye mamba yumo nyumba hii," alisema fundi. "Ajitokeze mwenyewe. Asipojitokeza, kitakachofuata mimi simo."

Kila mtu alijua kinachofuata. Mwaka wa nyuma, kijiji jirani, kikongwe mmoja alichomewa ndani. Vijana wawili walikuwa wameshashika galoni la mafuta ya taa, na hawakulificha. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, amekunja mikono, anatazama upande wa mashambani.

Mjomba Hassani alisogea. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Hakumtazama baba, alimtazama bibi.

"Wewe mama," alisema, "ulisema mto unataka mtu. Nani alikwambia?"

Bibi alifungua kinywa. Alitafuta neno la Kiswahili, na neno halikuja. Umati ulianza kusukumana mbele. Hapo baba akapiga hatua, akasimama katikati, mgongo wake ukatuziba.

"Mamba ni wangu," alisema. "Mama hajui lolote. Alinisikia tu nikiongea. Mwacheni."

 

"Sema tena," alisema mjomba, "wasikie wote."

"Mamba ni wangu."

"Mwanangu alikukosea nini, shemeji?"

Baba hakuwa amejiandaa na swali hilo. Nilimwona kwa ubavu, kinywa wazi, anatafuta. Mtu aliyeua kweli angekuwa na sababu. Yeye hakuwa nayo, wala hakuwa hodari wa kutunga.

"Hakunikosea kitu," alisema mwishowe.

Jibu hilo ndilo lililowawasha. Walimpigisha magoti palepale kwenye vumbi la mti wake. Wanaume wawili walimkandamiza mabega ingawa hakujitikisa. Fundi alimnyoa kwa wembe mkavu, nywele, ndevu, hata nyusi, kwa sababu inasemekana mtu akinyolewa hivyo uchawi wake hukatika. Alimchanja chale kwenye paji la uso akazipaka dawa nyeusi, kisha akamnywesha bakuli la kitu kilichonuka kama mizizi iliyooza. Wanawake wengine walipiga vigelegele, wale wale ambao mwezi uliopita waliazima chumvi kwetu. Mtoto mmoja niliyecheza naye alinirushia mchanga machoni.

Baba alipoinua uso sikumjua. Uso usio na nyusi hauna huruma wala hasira, unabaki uso tu. Na mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Alisema mwenyewe, mara mbili. Nilimwamini kama walivyomwamini wote, nikajikojolea.

Wakampa mpaka adhuhuri aondoke. Mjomba Hassani alimwendea mama, aliyekuwa amesimama karibu na banda la kuku na mdogo wangu Rashidi mgongoni.

"Wewe na watoto mnabaki," alimwambia. "Watoto ni wa ukoo wetu. Yeye arudi kwao na mama yake."

Kwa mila ya kwetu watoto ni wa upande wa mama, na mjomba alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mama alimjibu polepole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Kaka, ukimnyoa mume wangu umeninyoa mimi."

Akaingia ndani, akatoka na sufuria na godoro lililokunjwa, akatangulia njiani.

Tulipopita katikati ya kijiji, vinu vilikuwa vimeanza kutupwa nje. Vingine viliviringika mpaka njiani, mdomo wazi, na baba alivizunguka bila kuviangalia. Tuliposhuka bondeni nyuma yetu kukawa na moshi. Mama hakugeuka, nami sikuhitaji kuuliza ni paa la nani.

Nilitembea mbali na baba. Alinisubiri mara moja, nami nikasimama. Akaelewa, akaendelea.

Aliyevunja ukimya ni bibi. Tulikuwa tumepumzika kwenye kivuli cha mikorosho, na mama anamnyonyesha Rashidi. Bibi aliinuka kwa ghafla akamsimamia baba, akaanza kumgombeza kwa lugha yao, lugha ambayo mimi niliijua kwa kulala naye. Sijawahi kumsikia mtu akiwa na maneno mengi vile. Yote yaliyomkatalia kwa Kiswahili asubuhi ile yalitoka hapo.

"Nani alikutuma?" alimwambia. "Mimi nimeshakula miaka yangu. Wangenichoma, ningekufa, ungenilia, yakaisha. Sasa umenipa mimi siku chache na watoto hawa umewapa jina la uchawi maisha yao yote. Huna mamba. Hujawahi kuwa hata na paka. Umesema uongo juu ya maiti ya mtoto, Issa."

"Nisingeweza kutazama, mama," alisema baba.

"Basi ungefumba macho."

Ndipo nilipojua. Sikumkimbilia wala sikumkumbatia. Nilisogea tu nikakaa kwenye kivuli chake, naye hakunitazama, nadhani kwa kuogopa kunishtua. Bibi hakuongea naye tena kwa miezi mingi. Alipokea chakula chake, alipokea dawa zake, lakini neno hakumpa.

Tulifikia kijiji cha Ziwani, ambako mtu mmoja aliyefahamiana na baba alitupa pa kujishikiza. Baba akalima mihogo, baadaye akapata mikorosho ya kutunza. Hakuchonga kinu tena. Nywele zilirudi, nyusi zilirudi, chale za paji la uso zikabaki. Habari nazo hazikuchelewa kufika. Shuleni waliniita mtoto wa mamba, na wakati wa kuoga mtoni wenzangu walitoka majini nikiingia. Nilipoposwa mara ya kwanza, ujumbe wa kuvunja posa ulifika bila maelezo, na hatukuuliza. Bibi alikuwa amesema kweli kuhusu jina lile.

Yeye mwenyewe alikufa Ziwani, kwa kifua, kitandani pake, baba akimpepea. Siku zile za mwisho walikuwa wameanza tena kuongea. Mambo madogo tu: uji una sukari au hauna, dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Baba naye ametangulia sasa. Alifariki masika yaliyopita, mzee wa watu, na alizikwa Ziwani na majirani wachache kuliko aliostahili. Tulipokaribia arobaini yake, mdogo wangu Rashidi alituita nyumbani kwake mjini, mtaa wa Shangani, tupange. Rashidi ni mtu wa ofisi, ana nyumba nzuri yenye kibaraza kinachotazama bahari, na watoto wanaosoma shule za kulipia. Desturi yetu ni kwamba siku ya arobaini mmoja wa familia husimama akaeleza marehemu alikuwa nani, alitoka wapi, alizaa nani, ili wajukuu wajue. Kazi hiyo ilinijia mimi kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Useme alivuka kutoka Msumbiji, akaoa, akahamia Ziwani kutafuta maisha," alisema Rashidi.

"Hakuhamia. Alifukuzwa."

"Dada, watoto wangu watakuwepo. Wakwe zangu watakuwepo. Unataka wasikie neno mchawi?"

"Nataka wasikie kilichotokea."

"Wewe unakumbuka. Mimi nilikuwa mgongoni. Kwa nini nibebe kitu ambacho hata sikukiona?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kibaraza chake kimejengwa na mtu asiye na nyusi. Alinyanyuka akaingia ndani. Jioni ile nilimpigia simu mama, ambaye yuko Ziwani ndani ya eda, nikamwuliza anataka nini.

"Mimi siku ile nilikuwa mtu mzima na sikuona aibu," alisema. "Nyie mnaona aibu ya nini?"

Kabla ya arobaini nilikwenda kijijini. Sikuwa nimekanyaga pale tangu tuondoke. Nilitaka kusikia upande wa mjomba Hassani, kwa sababu historia ya nyumba moja haisemwi na mdomo mmoja, na kwa sababu, nikiwa mkweli, nilitaka kumwona akiona haya.

Nilimkuta barazani, amekuwa mdogo kama mtoto, anabangua korosho.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Wewe wa Issa."

"Wa Issa na wa dada yako. Baba amefariki."

"Nimesikia."

"Nimekuja unieleze siku ile. Nataka niwaeleze wanangu."

"Waeleze alichosema mwenyewe. Masikio haya yalisikia."

"Alisema uongo, mjomba. Alikuwa anamkinga mama yake."

Alivunja korosho moja, akaitazama, akaitupa. Nilingoja akatae, apige kelele. Badala yake alisema kwa sauti ya chini:

"Kama alisema uongo, nani alimla mwanangu?"

"Mamba."

"Mamba wa nani?"

"Wa mtoni tu. Alikuwa na njaa."

Alitikisa kichwa. Nilipomtazama machoni nilikuta chuki safi kabisa, isiyozeeka, kama ilivyokuwa asubuhi ile.

"Unataka nikae na hilo uzeeni?" aliniuliza. "Kwamba Zuhura alikufa kwa sababu mnyama alikuwa na njaa? Babako alinipa mtu wa kumchukia. Hicho ndicho kilichonifikisha hapa. Sasa na wewe umekuja kuninyang'anya. Ondoka kwangu, wanangu wasikukute."

Niliondoka. Hata maji ya kunywa sikupewa, na kwetu maji hunyimwa adui tu. Njiani nilimtukana kwa sauti mpaka dereva wa bodaboda akaniuliza kama ni salama.

Siku ya arobaini nilisimama nikaeleza yote: mto, maneno ya bibi, kioo cha pikipiki, galoni, wembe, na yale maneno matatu ya baba. Niliwaeleza pia kwamba bibi hakumshukuru. Wakwe wa Rashidi walitazama mikeka. Rashidi alitoka katikati ya maelezo akaenda kusimama kwenye gari lake, na mpaka leo tunasalimiana kwa sababu ya mama tu. Binti yake mkubwa alibaki. Nilipomaliza aliniuliza kama babu alijuta. Nilimwambia sijui, sikuwahi kumwuliza, na kwamba kila alipotazamwa paji la uso yeye hakushusha macho.

Nimejaribu kuamua kama baba alifanya sawa, nimeshindwa. Alimpa mama yake kifo cha kawaida, na gharama yake tumeilipa sisi, mimi zaidi ya Rashidi, na wala hakutuuliza. Nimejaribu pia kumsamehe mjomba. Nimeshindwa, naye hajaniomba, nadhani tutaingia kaburini hivyo. Siku hizi sidhani tena kwamba kusimulia kutatupatanisha. Nasimulia ili asije mtu akasema baba alihama kutafuta maisha.

Lakini nikiwaeleza wanangu siku hizi, naanza na Zuhura. Nawaambia kwamba alikuwa mpole, kwamba alinisuka nywele bila kunivuta, kwamba alikuwa karibu kuingia unyagoni na alishajifunza baadhi ya nyimbo kwa siri. Yeye ni wetu kama baba alivyo, na tangu walipoizika kanga yake, sijawahi kusikia mtu akimtaja jina bila kumtukana mtu mwingine.